Nikilala, nani atawaangalia watoto?

*"Shalom Mama Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunakaa Ndosho, hapa Goma. Usiku volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, 22 Mei 2021, tulikimbia kuelekea Sake, na katika ule msongamano nikampoteza binti yangu wa pili. Alikuwa na miaka 6. Tulimpata baada ya siku mbili kwa familia moja ya Sake iliyomwokota njiani, mzima, bila hata mkwaruzo. Tangu hapo silali vizuri. Natandika mkeka kwenye mlango wa chumba cha watoto, naomba mpaka saa tisa, saa kumi za usiku. Baada ya vita ya Januari 2025 ndiyo ikazidi. Binti simwachi aende shuleni wala kuchota maji bila mimi. Kijana wangu mkubwa amemaliza sekondari, anataka kwenda Kampala kusoma, nimekataa. Bwana yangu anasema nimekosa imani. Mchungaji wetu alihubiri kwamba hofu ni dhambi. Na mama mmoja wa chumba cha maombi ameniambia mtoto aliyepotea namna ile ana roho inayomfuata, afanyiwe maombi ya siku tatu kwa dola 50. Namwamini Mungu, lakini nikifumba macho naiona ile barabara. Nifanye nini?"*

Mama, shalom, na pole sana. Naanza na hizo dola 50 kwa sababu ndizo zenye haraka. Mengine tutayaongea polepole.

Usizitoe. Na binti yako asipelekwe kwenye hicho chumba, hata kwa "kuangaliwa tu". Mtoto wa miaka 6 aliyeponyoka mkononi mwa mama yake gizani, watu wakisukumana na mlima ukiwaka nyuma yao, hana roho inayomfuata. Alipotea kwa sababu watu walikuwa wengi na yeye alikuwa mdogo. Kesho yake UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na familia zao. Wote hao wana roho? Mtoto akishabandikwa jina la namna hiyo, jina linahamia kwa majirani, linamfuata darasani, na siku nyumba ikipata msiba, yeye ndiye anayetazamwa. Nimewaona watoto waliofukuzwa nyumbani kwa neno lililoanza hivihivi, kwa sauti ya upole, kwa shauri la kusaidia. Katiba yetu ya Kongo ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtuhumu mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 inaweka adhabu ya kifungo. Huyo mama labda hajalitamka neno uchawi. Lakini anabisha hodi kwenye nyumba ileile. Mwambie kwa adabu kwamba mtoto ana wazazi wanaomwombea, asante, na ufunge mazungumzo hapo.

Sasa wewe.

Sikumsikia mchungaji wako akihubiri, na najua jinsi mahubiri ya dakika arobaini yanavyofika nyumbani yakiwa sentensi moja. Basi nisibishane naye. Ila sentensi hiyo, "hofu ni dhambi", imekaa kwako kama jiwe, na mara nyingi watu wanaichimba kutoka Wafilipi 4:6: "Msijisumbue kwa neno lolote." Nakuomba urudi nyuma kidogo katika barua hiyohiyo, sura ya pili, mistari ya mwisho. Pale kuna mtu anaitwa Epafrodito, aliyekuwa ameugua mpaka karibu na kufa. Paulo anasema Mungu alimhurumia Epafrodito, na akamhurumia yeye Paulo pia, asipate huzuni juu ya huzuni. Halafu anasema anamtuma Epafrodito arudi kwao haraka, ili wao wafurahi wakimwona na yeye mwenyewe apunguziwe huzuni. Huyo ndiye aliyeandika "msijisumbue". Ni mtu ambaye ukurasa mmoja tu kabla alikuwa anahesabu siku za ugonjwa wa rafiki yake, akiwa kifungoni. Anajua anachokisema. Neno lake ni la mtu aliyekaa kando ya kitanda, anakushika mkono na kukuambia mzigo huo pa kuupeleka papo.

Kuna na yule mama Mshunami, katika 2 Wafalme 4. Wahubiri wetu wanampenda kwa sababu mtoto wake alipokufa, kila aliyemuuliza habari alijibu "salama". Wanatuambia: mnaona, hakukiri hofu! Lakini soma mpaka mwisho. Lile "salama" alimjibu Gehazi, mtumishi, ili asimcheleweshe njiani. Alipofika kwa Elisha mwenyewe alimshika miguu, na nabii akaona kwamba roho ya huyu mama imejaa uchungu, akamzuia Gehazi asimwondoe. Mbele ya watu wa njiani unaweza kusema salama. Miguuni unashika na kulia. Kwa hiyo usijilaumu kwamba unalia usiku. Machozi hayo yako mahali pake.

Kinachonisumbua katika barua yako ni ule mkeka.

Nilihudumu miaka kumi na minne katika wodi ya watoto ya hospitali moja mjini, kama mchungaji wa wagonjwa. Humo nilijifunza kutambua maombi ya aina mbili ambayo kwa masikio yanafanana kabisa. Kulikuwa na baba mmoja, mtoto wake ana malaria kali, damu imepungua. Usiku wa tatu nilimkuta amesimama, kwa sababu akikaa angesinzia. Midomo inatembea, macho mekundu. Nikamwambia, baba, lala saa mbili, mimi nitakaa hapa na muuguzi yupo. Akanitazama kama mtu niliyemtukana. Akasema: "Mama, nikilala ataondoka."

Nilimwelewa. Hakuwa tena anamwomba Mungu. Alikuwa ameshika kamba, na upande wa pili wa kamba alimfunga mtoto. Kwa mawazo yake Mungu alikuwa pale, ndiyo, lakini kama bosi mkali anayepita kukagua nani kasinzia kazini. (Mtoto alipona. Nasema hivyo usije ukabaki unamfikiria, siyo kwa sababu kusimama ndiko kulikomponya. Damu aliyoongezewa saa nane ilifanya kazi yake, na Mungu ndiye mwenye damu pia.)

Jiulize kwa utulivu, mchana, si usiku: unapofika saa tisa na mwili unataka kulala, ni nini kinachokuzuia kusema amina? Kama ni kwamba bado una mazungumzo na Bwana, basi endelea, raha yako. Lakini kama ni kwamba unaogopa kitakachotokea ukinyamaza, basi hapo maombi yamekwisha muda mrefu, na iliyobaki ni zamu. Umejiajiri usentineli, yaani ulinzi wa usiku, mama. Na mshahara wake unaujua.

Zaburi ya 127 inazungumza na masentineli. "Bwana asipoulinda mji, yeye aulindaye akesha bure." Haisemi mji usiwe na mlinzi. Goma bila walinzi wa usiku tungeamka hatuna hata sufuria. Inasema kazi ya mlinzi si ile anayodhani ni yake. Mstari wa pili unafuata na kutaja wanaoamka mapema na kuchelewa kulala, wakila mkate wa taabu, na unamalizia kwamba Mungu humpa mpenzi wake usingizi. Halafu, angalia vizuri, mstari wa tatu mara moja: wana ndio urithi wa Bwana. Kwa miaka mingi nilizisoma hizo kama zaburi mbili zilizoshonwa pamoja, moja ya mji, nyingine ya watoto. Siku nilipojifungua mtoto wa nne ndipo nilipoona kwamba aliyeiimba alikuwa mzazi. Kati ya mji usiolindika na watoto waliojaa nyumbani, kitu alichokiweka katikati ni usingizi.

Najua unachotaka kuniuliza hapa. "Mama Mchungaji, nikimwachia Mungu, ataniahidi hawatapatwa na kitu?"

Hapana. Nikisema ndiyo nitakuwa nakudanganya, na nimeshawahi kudanganya hivyo. Miaka ya mwanzo pale wodini nilimwambia mama mmoja, amini tu, mtoto ataishi. Mtoto hakufikisha asubuhi. Yule mama hakunilaumu. Aliniuliza tu, kwa sauti ndogo, ni wapi imani yake ilipopungua. Sikuwa na jibu, kwa sababu haikuwa imepungua popote. Ni mimi niliyempa ahadi ambayo Mungu hakunituma. Tangu siku ile sijaisema tena kwa mzazi yeyote.

Ayubu aliamka asubuhi na mapema akatoa sadaka kwa hesabu ya watoto wake wote, kila baada ya karamu zao, akisema huenda wamekosa moyoni. Sura ya kwanza, mstari wa tano, inasema ndivyo alivyofanya siku zote. Katika sura hiyohiyo, kabla hujageuza ukurasa, watoto wote kumi wamekufa. Kama maombi ya mzazi yangekuwa bima, Ayubu ndiye aliyekuwa amelipa kila mwezi bila kukosa. Biblia imeiweka habari hiyo mapema, tena bila kuificha, ili tusije tukaambiana uongo. Katika mji huu wapo waliokesha kama wewe na bado wakazika. Hawakuomba vibaya.

Basi kumwamini ni nini, kama si kuamini kwamba hakitatokea kitu? Hapa nataka turudi Sake.

Umeniandikia mistari mingi kuhusu barabara: giza, msongamano, kufumba macho na kuiona tena. Kuhusu nyumba aliyokutwa binti umeniandikia nusu sentensi. "Familia moja ya Sake iliyomwokota." Nakuuliza: walikuwa watu gani? Mtoto alilala wapi, kitandani na watoto wao au na mama wa nyumba? Alikula nini siku hizo mbili? Nani alimnyamazisha alipolia? Walimwita kwa jina gani kabla hajawaambia jina lake?

Ninabahatisha, lakini sidhani ninakosea: hujawahi kumuuliza binti. Umeogopa kumkumbusha. Hivyo wewe umebaki barabarani miaka yote hii, ukipiga kelele jina lake, wakati yeye saa zilezile alikuwa ndani ya nyumba, pengine ameshapewa bugali na sambaza, wale samaki wadogo, pengine analala. Siku mbili zake na siku mbili zako hazikuwa siku moja. Na katika siku zake wewe hukuwepo, lakini Mungu alikuwepo, amevaa kitenge cha mama usiyemjua.

Katika Mwanzo 21, Hajiri alimweka mwanawe chini ya kichaka jangwani, akaenda kukaa mbali, kadiri ya mtupo wa upinde, kwa kuwa hakutaka kumwona akifa. Akalia kwa sauti. Unajua mstari wa 17 unasemaje? Kwamba Mungu alisikia sauti ya kijana. Mama ndiye aliyelia, lakini sauti iliyotajwa ni ya mtoto. Na malaika anaongeza: huko aliko. Nimehubiri mstari huo mara nyingi mazishini na mara chache sana penye ndoa, sijui kwa nini, maana ni mstari wa wazazi wote. Mtoto wako ana njia yake mwenyewe ya kumfikia Mungu ambayo haipiti kwako. Usiku ule ilitumika.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ninayokupa ni kumuuliza. Chagua siku ya kawaida, mnachambua sombe au unamsuka nywele, mikono ina kazi na macho hayatazamani. Sema: "Nisimulie ile nyumba ya Sake." Sikiliza tu. Usilie kwanza, kama unaweza. Ikikushinda, lia, atakuona wewe ni mtu. Ila akikataa kusema, acha, usimchimbe. Halafu yale atakayokusimulia ndiyo yatakuwa maombi yako ya jioni kwa mwezi mzima. Paulo hakusema tu "kusali na kuomba", aliongeza "pamoja na kushukuru", na shukrani haiwezi kuwa ya jumlajumla. "Asante Bwana kwa kutulinda" inapita kama upepo. "Asante kwa blanketi ya yule mama, asante kwa yule kaka aliyembeba mabegani" hiyo inakaa. Kama familia ile bado iko, ingawa vita imewatawanya wengi wa Sake, wapeleke salamu, na hata kilo mbili za sukari.

Maria na Yusufu nao walimpoteza mtoto barabarani, unakumbuka? Luka 2. Alikuwa na miaka 12. Walitembea mwendo wa kutwa nzima wakidhani yumo kwenye msafara na jamaa, na wakampata baada ya siku tatu. Siku tatu, mama! Hakuna anayemwambia Maria kwamba alikuwa mzembe au kwamba mwanawe ana kitu. Na maneno yake ya kwanza hayakuwa haleluya. Alisema, "Mwanangu, mbona umetutenda hivi?" Kilichonigusa zaidi ni kitu kidogo cha mwanzo wa habari: walikuwa wakienda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka. Luka hasemi waliacha. Nadhani mwaka uliofuata walifunga mizigo tena, wakapita barabara ileile, na Maria akawa anageuka nyuma kila baada ya hatua kumi. Ningekuwa mimi ningegeuka kila hatua tano.

Kuhusu shule na maji. Sikuambii umwachie tu, eti kwa imani. Nehemia, adui walipomzunguka, alisema walimwomba Mungu wao na wakaweka walinzi, mstari mmoja, mambo yote mawili. Hali ya mji unaijua kuliko mimi ninayekuandikia. Kuna saa na kuna njia ambazo hata mtu mzima hapiti. Lakini mchana, njia ya shule, pamoja na watoto wa majirani, binti wa umri wake anaweza. Ajue kwa kichwa nambari za simu mbili, yako na ya baba yake. Ajue majina yenu kamili na jina la avenu. Kubalianeni kama familia, mkitengana tunakutana wapi: kanisa fulani, au nyumba ya shangazi. Na kama njia hiyo imefungwa, mahali pa pili ni wapi. Sisi wa mji huu wenye mlima wa moto tulipaswa kuwafundisha watoto wetu hayo kabla ya kuwafundisha kuhesabu. Mwaka 2002, tarehe 17 Januari, lava ilipopita katikati ya mji na kuiteketeza hata Katedrali ya Mtakatifu Yosefu, mimi nilivuka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, na yule wa mkononi hakujua hata jina langu. Alijua tu "mama". Angepotea, angewaambia watu anamtafuta mama, na pale mpakani mama walikuwa maelfu.

Anza hivi. Wiki ya kwanza msindikize mpaka barabara kubwa, siyo mpaka mlango wa shule. Simama hapo, umtazame anavyokwenda na wenzake. Kabla hajaondoka, mwekee mkono kichwani na useme maombi mafupi ambayo na yeye atayajua kwa moyo. Mimi nilikuwa nawaambia wangu hivi:

"Baba, huyu ni wako kabla hajawa wangu. Mimi naishia hapa. Wewe endelea naye. Amina."

Sekunde kumi, basi. Yasirefushwe. Mtoto anayeombewa robo saa mlangoni anaelewa kwamba nje kuna jambo la kutisha kuliko hesabu za mwalimu wake. Hofu yetu wanaisoma mapema kuliko herufi. Ukishasema "mimi naishia hapa", geuka urudi nyumbani, hata kama miguu inakataa. Saa ile ya kugeuka ndiyo yenyewe. Mchana hofu ikirudi, na itarudi, usianze maombi mapya ya kumwelezea Mungu hatari zote kana kwamba hazijui. Rudia lile moja: wewe endelea naye. Kisha rudi kwenye mboga.

Kijana na Kampala. Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu jambo hili ni la kukaa na baba yake na kupiga hesabu: ada, mahali pa kulala, nani wa kumpokea, kama chuo kinatambuliwa. Hayo yakikataa, yakatae kwa hesabu. Lakini usimkatalie kwa ajili ya barabara ya Sake, kwa sababu yeye hakupotea pale. Nitakusimulia tu habari ya Monika, mama Mwafrika wa nchi inayoitwa leo Algeria. Mwanawe Augustino, aliyezaliwa mwaka 354, alimwachisha usingizi kweli, siyo kwa kupotea njia, kwa kupotea mwenendo. Alipotaka kwenda Roma, mama alimfuata mpaka bandarini Karthago, akimng'ang'ania asiende au amchukue. Kijana akamdanganya kwamba anamsindikiza rafiki tu. Monika akakesha usiku ule akiomba katika kanisa dogo karibu na bahari, akimsihi Mungu aizuie ile safari. Asubuhi meli haipo. Augustino mwenyewe aliandika baadaye kwamba Mungu hakumpa mama yake alichokiomba usiku ule, ili ampe kile alichokuwa akikiomba siku zote. Maana ilikuwa katika safari hiyo, alipofika Milano, ndipo alipokutana na Askofu Ambrosi, na mwaka 387 akabatizwa. Monika alikuwa amemfuata huko, na alimwona Mkristo kabla ya kufa mwaka uleule. Sikuambii Kampala ni Milano. Nakuambia kwamba unaweza kuomba kwa nguvu dhidi ya jibu lako mwenyewe.

Bwana yako anasema umekosa imani. Wanaume wetu wengi wakiogopa husema hivyo. Usimjibu kwa mistari ya Biblia, hata hii yangu. Muulize jambo moja: "Wewe usiku ule ulikuwa wapi nilipokuwa natafuta, na uliona nini?" Yeye naye alikimbia. Yeye naye alikuwa na siku mbili. Huenda ana barabara yake ambayo hajawahi kuisema kwa sababu wewe ulikuwa umeshalia kwa niaba ya nyumba yote. Na muombe awe ndiye anayefunga siku: saa tatu usiku, kabla ya kuzima taa, aombe yeye kwa sauti, dakika mbili, akitaja majina matatu ya watoto. Wewe useme amina tu. Nimeona wanaume wasiojua kuomba wakijua baada ya wiki mbili, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaachia nafasi.

Jambo moja zaidi, na nakusihi usilione dogo kwa kuwa linatoka kwa mchungaji. Mtu anayeona tukio lilelile kila akifumba macho, anayeshtuka, asiyelala, na hali hiyo imepita miaka, mara nyingi ana jeraha la akili. Ni jeraha kama la mguu, na lina matibabu. Mweleze daktari au muuguzi wa kituo cha afya mlicho karibu nacho maneno yaleyale uliyoniandikia mimi, na umuombe akuelekeze kwa mwanasaikolojia. Vita imewafanya wataalamu hao wawe na kazi nyingi, lakini wapo. Kwenda kwao hakupunguzi maombi, kama vile damu haikupunguza maombi ya yule baba wodini. Na kama siku moja mawazo yakikufikisha mahali pa kutotaka kuishi, usisubiri Jumapili, mwambie mtu siku hiyohiyo.

Sasa usiku wa leo. Sitakuambia uache kukesha kwa mara moja, mwili hautakubali na kesho utajiona umeshindwa. Bwana yako akishaomba na wewe ukishasema amina, ingia chumbani kwa watoto mara moja, uwafunike vizuri, utoke. Mkeka uutoe mlangoni pao, utandike sebuleni. Siyo chumbani kwako bado. Sebuleni tu, hatua sita au saba kutoka pale. Ukiamka saa nane, usiende kusikiliza kama wanapumua. Sema lile moja, ugeukie upande mwingine. Wiki ijayo tutauongea mkeka tena.